Tiketi ya kwenda Dar kutoka Arusha au Moshi: ipi inunuliwe kwanza

Kutoka KIA, yaani uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 450 angani, na ndege hutumia saa moja na dakika chache. Kwa barabara, Arusha hadi Dar inapita kilomita 600, maana lami inazungukia Same, Korogwe, Segera na Chalinze. Wengi wakishaziona namba hizo hununua ndege yoyote yenye nauli nafuu. Mimi nasema hesabu muda wako tangu unafunga mlango wa nyumbani hadi unafika unakokwenda.

Kwa mkazi wa Arusha mjini, ya kwanza ni ndege ya moja kwa moja kutoka Kisongo. Uwanja uko jirani tu, barabara ya Dodoma, wakati KIA iko kama kilomita 50 upande wa Moshi, na foleni ya Tengeru na Usa River ikikukamata asubuhi, nauli nafuu haina maana tena. Ndege ya pangaboi kama ATR inaachwa na jeti kwa dakika chache tu kwenye safari fupi hivi, kwa hiyo usiikimbie. Ila soma tiketi vizuri, kwani nyingine hupitia Zanzibar kwanza. Na ukiuziwa nafasi kwenye ndege ndogo aina ya Caravan, uliza mzigo: kawaida ni kilo 15, tena kwenye begi laini, ilhali ndege kubwa mara nyingi hukupa 23. Ukiwa na sanduku la mwanafunzi wa bweni, achana nayo.

Kwa mtu wa Moshi, KIA haina mpinzani. Daladala za Arusha zitakushusha njia panda, halafu unamalizia kwa bodaboda au teksi. Ukirudi, omba dirisha la kulia, mlima utauona wote kama hakuna mawingu.

Basi naliweka la tatu: saa kumi hadi kumi na mbili, lakini ndilo la uhakika kwa anayesafiri ghafla, na mizigo si tatizo. Kumbuka mengi huishia stendi ya Magufuli, Mbezi, na mjini bado ni mbali.

Treni, iliyorudi Moshi mwaka 2019 na Arusha 2020, ni ya mwisho kwa mwendo na ya kwanza kwa unafuu. Unalala njiani na haitoki kila siku. Mwenye haraka asiiguse, ila familia yenye watoto na vifurushi naishauri kwa moyo mweupe.

Desemba mambo hugeuka. Watu wa Kilimanjaro wanapanda nyumbani, hivyo kushuka Dar kabla ya Krismasi nafasi zipo, kurudi ndiyo shida. Mwezi huo nunua tiketi ya kurudi kwanza, kisha ndipo utafute ya kwenda.