Kamishna Brunetti wa Venice: kati ya vitabu zaidi ya 30, ununue kipi kwanza?

Donna Leon, mwandishi wa riwaya za upelelezi, alianza kumwandika Kamishna Guido Brunetti wa polisi ya Venice, Italia, mwaka 1992, na mpaka leo vitabu vimepita 30. Kuvinunua vyote kwa mkupuo ni kujitafutia madeni. Hela ya kimoja unayo, uchukue kipi?

Wengi watakuambia uanze na cha kwanza kuandikwa. Mimi sikubaliani nao. Kesi huanza na kwisha ndani ya kitabu kimoja, kwa hiyo hupotezi kitu ukiingilia katikati. Halafu, kinachomrudisha msomaji kwa Brunetti si fumbo la nani kaua. Ni yule kamishna anayepanda ngazi mpaka nyumbani kwake ghorofa ya juu kabisa, akala chakula cha mchana na mkewe Paola na watoto wao Raffi na Chiara, kisha akarudi kazini kwa miguu au kwa boti, maana mji wenyewe haupiti gari. Ofisini anamkuta mkubwa wake, Patta, ambaye hofu yake kubwa ni kuwaudhi vigogo. Kama umezoea mbio na bastola za Willy Gamba, yule mpelelezi wa riwaya za Musiba, ujue mapema kwamba huyu anaweza kupitisha sura nzima akiuliza watu maswali na kunywa kahawa. Hilo likikuchosha, okoa hela yako. Lisipokuchosha, nimevipanga kwa kuangalia ni kipi kinakuingiza upesi zaidi katika nyumba ile na mji ule.

Nafasi ya kwanza naipa Friends in High Places (2000). Kijana kutoka ofisi ya kumbukumbu za majengo anakuja nyumbani kwa Brunetti na kumwambia kwamba nyumba anayoishi miaka yote hiyo haionekani kuwa na vibali. Kwenye mafaili ya serikali, ni kama haipo. Aliyewahi kusaka hati ya kiwanja Dar au Nairobi atacheka, halafu ataacha kucheka. Utamu ni kumwona mtu wa sheria akianza kupiga hesabu: nani anamjua nani katika ofisi ile, na baba mkwe wake Falier, mtu wa ukoo wa kikabaila, anaweza kumpigia nani simu. Haibi, hatoi kitu kidogo, ila anawaza kama sisi sote tunavyowaza karatasi zinapokwama. Kisha yule kijana anapatikana amekufa, inasemekana ameanguka kutoka kwenye jukwaa la mafundi, na hadithi inageukia dawa za kulevya na wakopeshaji wa riba ya kuumiza. Kitabu hiki kilipata tuzo ya Silver Dagger ya chama cha waandishi wa riwaya za uhalifu cha Uingereza. Hata kisingepata, ningekiweka hapahapa.

Cha pili ni Blood from a Stone (2005). Usiku wa baridi, Krismasi ikikaribia, Mwafrika anayeuza mikoba bandia kwenye uwanja wa Santo Stefano anapigwa risasi, na mashahidi waliokuwa karibu ni watalii wa Kimarekani. Hakuna anayejua jina la marehemu, na wenzake wametoweka. Chiara anatamka mezani neno la kumdharau marehemu, na Paola hamwachii. Kurasa hizo zinauma kuliko mauaji yenyewe, hasa kwa msomaji mwenye ndugu anayehangaika Ulaya bila makaratasi. Nimekishusha hadi nafasi ya pili kwa sababu moja tu: anayetaka upelelezi wa upole unaofunga kila mlango mwishoni hataridhika. Wakubwa wana mkono wao humo.

Death at La Fenice (1992), kile cha kwanza kuandikwa, nakipa nafasi ya tatu. Kiongozi maarufu wa okestra, Mjerumani, anakufa kwa sumu ya sianidi iliyotiwa kwenye kahawa yake wakati wa mapumziko ya opera La Traviata. Kwa mpenda mafumbo, hiki ndicho kilichosukwa vizuri zaidi kati ya hivi vitatu. Kasoro yake ni kwamba Signorina Elettra hajaingia bado, yule katibu muhtasi wa Patta ambaye hakuna kompyuta inayomshinda. Bila yeye ofisi imepooza. Jumba la opera la La Fenice analolieleza Leon ni lile la kabla ya moto wa 1996; lililopo sasa lilijengwa upya na kufunguliwa 2003. Mwimbaji Flavia Petrelli, unayekutana naye humu, anarudi katika Acqua Alta (1996) na Falling in Love (2015), na hivyo vitatu afadhali uvifuate kwa mpangilio.

Fatal Remedies (1999), ambamo Paola anavunja kwa jiwe dirisha la wakala wa safari anayepeleka wanaume kwenye utalii wa ngono, ni kizuri sana, lakini kinunue ukishamzoea Paola. Kitabu cha mapishi na kile cha matembezi ya Venice viache mpaka uwe na tiketi ya ndege. Filamu za runinga ya Ujerumani za 2000 hadi 2019 zina mandhari ya kupendeza, ila Waitaliano wote humo wanasema Kijerumani.

Kuhusu umbo, nakala ya mtumba yenye jalada laini inatosha. Vitabu hivi vimechapwa kwa wingi na havikosekani kwa wauza vitabu vilivyotumika. Cha kielektroniki kinafuata, kwa aliye mbali na duka. Cha kusikiliza kinafaa kwenye foleni, na kinakuondolea taabu ya kutamka majina ya Kiitaliano. Jalada gumu jipya ni la kumpa mtu zawadi. Aliyeko Ujerumani au Uswisi atavipata kwa Kijerumani kutoka kwa mchapishaji Diogenes wa Zürich. Ndugu aliyeko Milan usimsumbue akutafutie toleo la Kiitaliano: Leon, Mmarekani aliyeishi Venice miaka mingi, alikataa visitafsiriwe kwa lugha ya majirani zake.

Kabla hujalipa, angalia jina. Baadhi ya vitabu vilibadilishwa jina vilipovuka bahari: The Anonymous Venetian cha Uingereza ndicho Dressed for Death cha Marekani, A Venetian Reckoning ndicho Death and Judgment, na The Death of Faith ndicho Quietly in Their Sleep. Muuzaji wa mtumba anaweza kukupangia vyote sita mezani, na kila kimoja akakitoza bei yake.