Makaroni ya kuku sufuria moja: krimu au tui la nazi?

Jamani nimepika zote mbili hapa Arusha mara nyingi, tui linashinda, ila krimu nayo ina siku zake.

Ya krimu ni fasta. Unakaanga kuku na kitunguu, saumu, tangawizi, pilipili mbuzi, unatia nyanya, makaroni gramu 250 na maji vikombe vitatu, krimu inaingia mwishoni tu na haikatiki kirahisi kwenye nyanya kwa sababu ina mafuta mengi, maziwa ya kawaida yangeshakatika. Kasoro ni bei, na ukali wa pilipili unapoa, maziwa yana protini inayoukamata. Kama mna watoto mezani hiyo ndo nzuri.

Sasa tui, hapo ndo raha yenyewe. Nanunua nazi soko la Kilombero hapa hapa mjini, nakuna, tui zito naweka pembeni na lile jepesi ndo nachemshia makaroni badala ya maji, yaani kila kipande kinakunywa nazi na pilipili inabaki kali kama ulivyoitaka. Tui zito weka ukikaribia kuepua, moto mdogo, usifunike na usiache kukoroga, ukizubaa linakatika.

Kwa yoyote utakayochagua, huku kwetu ni karibu mita 1,400 juu ya bahari na maji yanachemka nyuzi kama 95 tu, so usiamini dakika za kwenye pakiti, makaroni yanachelewa kuiva, onja kwanza. Mimi namalizia na ndimu na kotimiri.