Nimeuziwa "Birds of the Master" bila kurasa za mwisho

Nyota moja, na hiyo moja naitoa kwa shingo upande. Nina hasira na sitaki mtu mwingine apoteze hela zake kama mimi kwenye lile duka la vitabu la katikati ya jiji, lenye mlinzi anayekupekua begi ukiingia na ukitoka kana kwamba mwizi ni wewe.

Kitabu chenyewe, cha katuni za Kifaransa, nilikuwa nakitafuta muda mrefu. Valérian na Laureline ni mawakala wa Galaxity, makao makuu ya Dunia katika karne ya 28, na kazi yao ni kusafiri kwenye wakati na kwenye anga. Safari hii wananaswa kwenye kijisayari ambako viumbe wa kila namna wanatumikishwa kumlisha mmoja anayeitwa Bwana. Chakula chote kizuri kinakwenda kwake, wao wanagombania makombo, na huyo Bwana mwenyewe hawamjui sura. Anayekaidi anashukiwa na kundi la ndege, na wakishakudona unarukwa na akili. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini kwanza, nikavuta pumzi.

Sasa sikilizeni. Kitabu kilikuwa kimefungwa kwenye nailoni. Nikaomba nikifungue nikiangalie. Muuzaji akasema, "Dada, ukifungua umenunua. Hiki kipya kabisa, kimeingia juzi." Nikalipa. Usiku nasoma, niko karibu kabisa na mwisho, mateka wanaelekea kukabiliana na Bwana, nafunua ukurasa... picha haziungani. Mtu anaongea jambo ambalo sijui limeanzia wapi. Nikachungulia kwenye mshono, nikakuta vipande vya karatasi vimebaki vimeng'ang'ania uzi. Kurasa zimechanwa! Halafu mtu akakaa, akakiingiza kitabu kilichochanwa kwenye nailoni, akabandika bei ya kitabu kipya. Nailoni haijifungi yenyewe. Kuna aliyejua.

Nikarudi dukani na risiti mkononi. Nilikwenda kwa amani, naapa. Yule yule muuzaji akakipekua kwa kidole kimoja, akacheka, akaniambia mbele ya wateja: "Sasa dada yangu, si vikatuni hivi? Mambo ya watoto. Angalia picha zilizobaki, utaelewa tu." Nikaomba kuonana na meneja. Hayupo. Nikaomba nirudishiwe pesa. Akaninyooshea kidole kibao cha ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Hata pole sikupewa. Mama mmoja aliyekuwa ananunua madaftari ndiye aliyenisemea, naye akajibiwa ovyo.

Mambo ya watoto! Mimi ni mtu wa Bagamoyo. Nimekulia mahali ambapo misafara kutoka bara ilikuwa inaishia, watu wakapakiwa majahazini kupelekwa Unguja kuuzwa. Mtu wa Bagamoyo haambiwi kwamba hadithi ya utumwa ni ya watoto kwa sababu tu imechorwa. Na hiki kitabu kinaijua kazi ya utumwa. Bwana haonekani, lakini kila mtu anainamisha kichwa. Anachojua kila mmoja ni kwamba jirani yake alikaidi akaishia kichaa. Woga ndio unaovuna, ndio unaobeba, ndio unaomlisha. Pierre Christin aliandika hivyo na Jean-Claude Mézières akachora, kikatoka Ufaransa mwaka 1973, na leo muuzaji wa vitabu, muuzaji wa vitabu jamani, anakiita vikatuni.

Aliyeniokoa ni rafiki yangu wa Lubumbashi. Kule katuni za Kifaransa na za Kibelgiji watu wamekua nazo, na nakala yake ya Kifaransa aliirithi kwa kaka yake, imechakaa lakini imetimia. Akazipiga picha zile kurasa, akanitumia kwenye simu, kisha akanirekodia sauti akinisomea kila kisanduku cha picha kwa Kiswahili chake cha Katanga, akibadilisha sauti kwa kila mhusika. Mwisho siusemi, ila nilisimama chumbani peke yangu nikapiga makofi. Na nikaona kwa nini zile kurasa haziwezi kukisiwa: Évelyne Tranlé, dada yake Mézières, ndiye aliyetia rangi, na pale rangi inabeba nusu ya maneno. Halafu niambiwe nitaelewa tu!

Kwa hiyo nafuta ile nyota moja. Kitabu ni tano. Duka halipati kitu, na ukienda huko usitoe hela kabla hujafunua ukurasa mmoja mmoja mbele yao, wakikataa, ondoka.

Au tuseme nne na nusu, kwa sababu kuna jambo jingine linaniuma na hilo si la duka. Mfululizo huu ulianza mwaka 1967 kwenye gazeti la Pilote, na Laureline, binti wa kijijini aliyetolewa Ufaransa ya karne ya 11, yumo tangu kisa cha kwanza. Lakini jina la mfululizo lilikuwa la Valérian peke yake hadi mwaka 2007. Miaka 40! Msomeni Laureline kwenye "Bienvenue sur Alflolol", kitabu kingine cha mfululizo huu huu. Wenyeji wa sayari wanarudi kutoka safari ndefu wanakuta watu wa Dunia wamejenga viwanda juu ya makazi yao. Wanasukumwa kwenye eneo la kutengwa, kisha wanaambiwa wafanye kazi kama wanataka kula. Watumikishaji mara hii ni sisi. Valérian anahangaika na kanuni za serikali yake. Laureline anakwenda kukaa upande wa wenye nchi, anabaki huko, na hamwombi mtu ruhusa.