Organic Maps kwa kutafutia choo mjini: naipa nyota nne

Niseme mapema, hii siyo apu ya vyoo, ni ramani ya kawaida tu, ila kwa mtu anayezunguka mjini kutwa nzima na anabanwa mara kwa mara ndiyo imenisaidia kuliko zote, maana zile zilizotengenezwa kabisa kwa ajili ya vyoo nyingi zinakatisha tamaa. Nilikuwa na moja hivi sitaitaja, kila ukiifungua linaanza tangazo la video, unasubiri sekunde ziishe huku umebana miguu, halafu inakuelekeza kwenye choo ambacho ukifika unakuta mlango una kufuli limeota kutu na takataka zimejaa hapo mbele, yaani hapajafunguliwa muda mrefu sana. Ukirudi kusoma maoni ya watu unakuta ya mwisho yaliandikwa miaka kadhaa nyuma. Nikaifuta siku hiyo hiyo.

Organic Maps inatumia data za OpenStreetMap, ule mradi wa ramani ulioanzia Uingereza mwaka 2004 ambao wanaochora na kurekebisha ni watu wa kawaida dunia nzima. Unapakua ramani ya eneo lako ukiwa kwenye waifai, baada ya hapo bando liishe, mtandao ukatike, wewe unatafuta tu kama kawaida. Gusa sehemu ya kutafuta, utaona aina za huduma zimepangwa, choo kimo humo humo pamoja na maegesho na ATM, ukikigusa vinakuja vilivyo karibu na umbali wa kila kimoja. Hakuna matangazo na haikusanyi taarifa zako, na hilo mimi nalijali sana, mtu anaenda msalani mara ngapi kwa siku ni jambo lake binafsi, hasa kama ni mgonjwa.

Sasa tuje kwenye maelezo, maana alama ya choo peke yake kwenye ramani haitoshi jamani. Unataka kujua kiko wazi saa hii? Cha kulipia? Mwenye wilchea anaingia? Kuna pa kumbadilishia mtoto nepi? OpenStreetMap ina nafasi ya kujaza hayo yote, mpaka kama ni choo cha kukaa au cha kuchuchumaa, ambalo kwa mzee mwenye magoti mabovu siyo jambo dogo hata kidogo. Shida ni kwamba sehemu nyingi hakuna aliyejaza, kwa hiyo unapata alama tupu. Na Organic Maps yenyewe haionyeshi kila kilichojazwa, ukitaka kuona zaidi chukua OsmAnd, inatumia data hizo hizo na haihitaji mtandao pia, ila ina menyu nyingi mpaka unachoka, kwa mtu aliyebanwa siipendekezi labda uizoee kwanza nyumbani.

Kitu kingine lazima ujue kabla hujailaumu. Vyoo vilivyo ndani ya maduka makubwa, sheli na migahawa vinaweza visitokee ukitafuta choo, kwa sababu wachoraji huwa wanaandika tu kwamba sheli fulani ina choo bila kukiwekea alama yake. Kwa hiyo orodha ikija tupu usikate tamaa, tafuta stesheni, hospitali, maktaba au sheli, hapo ndipo mara nyingi utapata. Kuna miji imelifikiria hili vizuri kweli, Ujerumani wana mpango unaitwa Nette Toilette, manispaa inawalipa wenye migahawa na maduka kidogo ili mtu yeyote aingie chooni bila kulazimika kununua kitu, na mlangoni wanabandika stika. Ingekuwa kila mji unafanya hivi hata apu tusingezihitaji sana. Australia nako serikali yenyewe ina ramani ya vyoo vya umma, zaidi ya vyoo 19,000, na ilitokana na mpango wa kuwasaidia watu wanaoshindwa kuzuia mkojo au choo. Wenye kisukari, wajawazito, wenye magonjwa ya utumbo, madereva wanaoshinda barabarani, hawa wote wakikosa choo wanaacha kunywa maji au wanaacha kutoka kabisa, ndiyo maana nalichukulia kwa uzito.

Kwenye kurekebisha ndipo Organic Maps imenifurahisha zaidi. Ukikuta choo kimefungwa, au kipo kipya hakimo kwenye ramani, unaweza kukiongeza mwenyewe humo humo, unaweka na saa za kufunguliwa, unachohitaji ni akaunti ya OpenStreetMap ambayo ni bure. Wengine hawakioni papo hapo, wanakiona wakishapakua ramani toleo jipya, kwa hiyo na wewe kumbuka kusasisha ramani zako usije ukaongozwa kwenye kufuli. Wenye Android pia jaribuni StreetComplete, hiyo inakuuliza maswali mafupi ukiwa umesimama hapo hapo, kwamba hiki choo ni cha kulipia, wilchea inaingia, unajibu kwa kugusa tu.

Nyota ya tano nimeibakisha kwa sababu kwenye Organic Maps hakuna sehemu maalumu ya kuandika kama ndani kuna maji na sabuni au kama mlango unafungika, na kwa mwanamke anayeingia peke yake usiku hilo la mlango ndilo la kwanza kuuliza.