Feraheme kabla ya MRI, nawapa nyota 4

Jamani figo zangu haziko vizuri, so huku Marekani wakaogopa kunipa ile gadolinium ya kawaida (dawa ya kufanya picha za MRI, kile kipimo cha sumaku cha ndani ya mwili, zionekane vizuri) wakaniwekea badala yake dripu ya Feraheme, kiasili ni dawa ya upungufu wa damu, vipunje vya chuma vidogo ajabu vimevishwa koti la sukari, rangi yake kama chai ya rangi iliyokolea mpaka basi. Dripu dakika 15, halafu unakaa 30 wanakuchungulia maana mzio wake ukikupata unaweza kuua, FDA, wale wasimamizi wa dawa wa Marekani, waliongeza onyo kali 2015. Mi hata kuwashwa sikuwashwa. Mishipa kwenye picha ilionekana freshi kabisa. Kilichoniudhi, hakuna aliyeniambia inaweza kuvuruga MRI nyingine mpaka miezi 3, na mi nishapanga ya goti!