Gereji ya magari-nyumba Nakuru: inapima kwanza, inafungua baadaye

Mwenye gari la kawaida hakosi fundi mjini Nakuru. Mwenye gari-nyumba ndiye huhangaika, kwa sababu gari lake ni injini, ni nyumba, ni stima za aina mbili, ni maji na ni gesi, na kila fundi anaijua sehemu moja tu. Fundi wa injini akiona friji anaikwepa. Fundi wa stima za nyumbani, aliyezoea volti 240, akioneshwa nyaya za volti 12 anazidharau, akidhani kwamba umeme usiomrusha mtu hauwezi kuliteketeza gari. Kwa miaka mitatu nilizunguka na gari langu kati ya mafundi wa namna hizo mbili, nikilipa huku na huku, hadi nilipoelekezwa kwenye gereji ninayotaka kuieleza hapa.

Mwenye gereji ameniomba nisiandike jina lake wala nambari yake ya simu, kwani foleni aliyo nayo inamtosha. Nitasema tu kwamba iko eneo la viwanda, na kwamba ukiulizia mahali yanapotengenezewa magari ya kambi utaelekezwa bila shida.

Gari lenyewe ni Toyota Hiace ya dizeli yenye injini ya 5L isiyo na turbo. Tulipostaafu ualimu, mimi na mke wangu tuling'oa viti vya nyuma, seremala akatutengenezea kitanda na makabati, kisha tukaongeza betri ya pili ya ampea-saa 100, paneli ya sola ya wati 150 juu ya paa, friji ndogo ya kompresa, sinki na pampu ya maji. Safari zetu ni za karibu: Baringo, msitu wa Kakamega, na mara nyingi Kisumu, ambako tuna wajukuu.

Ilikuwa katika safari ya Kisumu gari lilipochemka. Tulikuwa tumeipita Salgaa, tunaupanda mlima wa kuelekea Sachangwan, mshale wa joto ukaanza kupanda pamoja nasi, na kabla hatujafika Mau Summit chupa ya akiba ya rejeta ilikuwa inatema maji. Tulisubiri pembeni mpaka likapoa, tukaongeza maji, tukaenda pole pole. Gereji ya kwanza tuliyoiendea, ambayo sitaitaja, ililitazama gari kwa dakika tano, ikatoa hukumu kwamba gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake, imeungua, na ikataka shilingi 45,000 kuifungua injini. Nilikuwa karibu kulipa.

Nilipomweleza fundi wa Nakuru kwamba nimekuja kubadilishiwa gasketi, aliniuliza, "Mwalimu, ulikuwa unasahihisha mtihani kabla ya kuusoma?" Kisha akaleta pampu ndogo ya mkono yenye geji, akaifunga kwenye mdomo wa rejeta, akasukuma hewa, tukasimama kuitazama sindano ya geji kwa robo saa nzima. Haikushuka. Akachukua chupa ya kioo yenye kimiminika cha buluu, akavuta kupitia humo hewa iliyotoka kwenye rejeta injini ikinguruma. Moshi wa injini ukipenya gasketi na kuingia kwenye maji, kimiminika hicho hubadilika rangi. Buluu ilibaki buluu. Mwisho akakifunga kifuniko cha rejeta chenyewe kwenye ile pampu. Kifuniko kimeandikwa 0.9, yaani kinapaswa kuzuia presha hadi ifike ba 0.9 (ba ni kipimo cha presha), lakini hiki kilianza kuvujisha kabla sindano haijafika 0.3.

Maelezo aliyonipa baada ya hapo yalistahili ada yote niliyolipa. Maji yasiyo na presha huchemka kwa nyuzi 100 ukiwa ufuoni mwa bahari, lakini kadiri unavyopanda mlima ndivyo kiwango hicho kinavyoshuka, takriban nyuzi moja kwa kila mita 300. Nakuru, iliyo karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi, na huko juu Mau ni chini zaidi ya hapo. Injini ya dizeli inayopanda mlima na mzigo wa kitanda, kabati na matangi ya maji hufanya kazi katika joto hilo hilo au zaidi. Kinachoyazuia maji yasichemke ni presha iliyofungiwa na kifuniko, ambayo hukipandisha kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 110 hata mlimani. Kifuniko kikilegea, gari linaweza kuzunguka Kisumu wiki nzima bila neno, kisha likachemka siku ile ile linapopanda mlima. Kifuniko kipya kiligharimu shilingi 900.

Alipofungua nyumba ya thamostati, ile vali inayofunguka maji ya injini yakipata moto, akaikuta tupu. Fundi fulani wa zamani alikuwa ameitoa, kama wanavyofanya wengi hapa nchini kwa imani kwamba bila thamostati injini itapoa vizuri. Injini ya dizeli inayoendeshwa ikiwa baridi hula mafuta zaidi na huchakaa mapema, na tatizo halisi la upoozaji huwa limefichwa tu. Alirudisha thamostati mpya, akaipima kwanza kwenye sufuria ya maji ya moto pamoja na kipimajoto ili nijionee inavyofunguka. Tumepanda mlima ule mara nne tangu siku hiyo, na mshale hauvuki nusu.

Kazi ya stima ndiyo iliyonifanya nimwamini kabisa. Friji yetu ilikuwa ikifanya kazi vizuri mchana na jioni, halafu usiku wa manane inazima, na asubuhi tunayakuta maziwa yameharibika. Duka moja la betri lilikuwa limeniambia kwamba betri imekufa. Nilinunua mpya, na friji ikaendelea kuzima vile vile. Fundi huyu aliweka mita yake kwenye betri: 12.5. Akaenda nyuma ya friji, akaiweka mita kwenye nyaya za friji yenyewe inapozunguka: 11.3. "Volti moja na pointi mbili zimepotelea njiani," akasema, "na hazikupotea bure, zinapasha moto kitu."

Alifuata njia hatua kwa hatua. Waya uliotumiwa ulikuwa wa milimita 1.5 za mraba, ule ule unaowekwa kwenye taa za nyumbani, nao ulikwenda mita sita na kurudi mita sita. Kwa friji inayovuta ampea 5, waya huo peke yake hula volti 0.7. Nusu volti iliyobaki ilikuwa inaliwa na kishikio cha fyuzi kilichoota kutu ya kijani, ambacho plastiki yake ilikuwa imeanza kulainika. Nilikigusa na kikaniunguza kidole. Kompresa inapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya ampea 5, kwa hiyo upotevu huongezeka papo hapo, na friji hizi zimetengenezwa zijizime zenyewe volti zikishuka hadi karibu 10.4 ili kuilinda betri. Jioni betri ikiwa imejaa, friji ilikuwa inaponea chupuchupu. Usiku betri ikishuka kidogo tu, haikuweza kuwaka tena. Betri niliyoitupa, kwa hesabu yake, pengine haikuwa na kosa lolote, na nakiri kwamba hilo bado linaniuma.

Aliweka waya wa milimita 6 za mraba, fyuzi mpya karibu kabisa na betri, na akabana vichwa vya waya kwa koleo maalumu badala ya kuzungusha waya na kuufunika kwa tepu. Kipimo cha friji kilipanda hadi 12.3 ikizunguka. Kisha akachukua tepu ya karatasi, akaibandika ndani ya kifuniko cha sanduku la betri, akaandika kwa kalamu ya wino mweusi: 12.7 imejaa, 12.2 nusu, chini ya hapo zima friji; injini ikiwaka iwe 13.8 hadi 14.4. Mke wangu, ambaye hakuwa akijihusisha na mambo ya gari, sasa ndiye anayesoma mita kila jioni na kunitangazia matokeo.

Aliniondolea pia shida ya betri ya mbele, ile ya kuwashia injini, ambayo ilikuwa inaisha gari likiegeshwa siku kumi. Aliunganisha ampea-mita katikati ya waya hasi, akaona ampea 0.3 zikivuja funguo zikiwa mfukoni mwangu, akang'oa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka kipimo kikaanguka. Kilikuwa kifaa cha kengele ya wizi kilichoachwa na mmiliki wa kwanza, ambacho sikujua kwamba kipo. Ampea 0.3 zinaonekana chache, lakini ni zaidi ya ampea-saa 7 kwa siku.

Sasa nieleze kasoro, kwa sababu zipo. Pampu yetu ya maji ilikuwa ikijiwasha yenyewe kila baada ya dakika kadhaa hata bomba likiwa limefungwa. Siku hiyo mwenye gereji hakuwepo, na mwanafunzi wake aliamua kwamba swichi ya presha ya pampu imeharibika, akaweka pampu mpya. Tulipofika Baringo, pampu mpya ikaanza mchezo ule ule. Kumbe ungio la paipu chini ya sinki lilikuwa linadondosha tone moja moja, presha inashuka, na pampu inatimiza wajibu wake tu. Karatasi kavu ya shashi iliyozungushwa kwenye kila ungio ingeonesha hilo kwa dakika mbili. Mwenye gereji alikubali kosa, akanirudishia pesa ya kazi, lakini pampu nilibaki nayo; iko kwenye sanduku la akiba. Naona kwamba nusu ya hasara hiyo ingekuwa yake.

Ni wazito pia. Kazi iliyoahidiwa siku tatu ilichukua sita, na hakuna mahali pa kungojea isipokuwa benchi moja chini ya mabati, ambapo mchana hapakaliki. Kazi ya gesi hawaigusi kabisa. Walikagua tu viungio vyetu kwa povu la sabuni, wakaniambia mpira wa gesi umezeeka na niupeleke kwa wauzaji wa gesi ukabadilishwe. Kukataa kazi usiyoiweza ni uungwana, lakini mwenye gari-nyumba bado analazimika kwenda sehemu ya pili.

Kuhusu bei, wanatoza shilingi 2,500 za uchunguzi, na unazilipa hata kama hatimaye hakuna kitu kilichobadilishwa. Nimewasikia watu wakilalamika juu ya ada hiyo langoni. Mimi niliyewahi kununua betri nisiyoihitaji, na kunusurika kulipa 45,000 za gasketi, sioni ubaya wowote.

Jambo la mwisho walilonifanyia sikuwa nimeliomba. Walisoma tarehe za matairi, zile tarakimu nne zilizopigwa muhuri ubavuni, ambapo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Langu moja lilisomeka 1914, yaani wiki ya 19 ya mwaka 2014. Kashata zake zilikuwa bado nene, kwa kuwa gari-nyumba hukaa zaidi ya linavyotembea, lakini mpira ulikuwa na nyufa nyembamba kama za udongo mkavu, na juu yake tulikuwa tumepakia tani za vitu. Walipima vilevile mafuta ya breki, wakakuta yamefyonza maji. Kwa mtu anayeshuka Sachangwan na gari zito hiyo ni hatari kubwa, kwani breki zikipata moto maji hayo hugeuka mvuke na kanyagio likazama bila kushika. Waliyabadilisha mafuta hayo yote, wakaniagiza nirudi baada ya miaka miwili, na wakasisitiza kwamba mteremko ule unashukwa kwa gia ndogo, si kwa mguu.

Ukiamua kwenda, piga simu kwanza kupitia mtu anayewafahamu, fika Jumatatu asubuhi ili usiangukie wikendi, safisha injini usiku uliotangulia, na uandike kwenye karatasi ni lini hasa tatizo hutokea: mlimani au tambarare, mchana au usiku, injini ikiwaka au ikiwa imezimwa. Karatasi hiyo ndiyo kitu cha kwanza atakachokuomba. Na ikiwa mwenye gereji hayupo siku hiyo, rudi kesho.