The Existence of God cha Richard Swinburne: sura ya 5 ndiyo inayobeba mzigo

Anayetafuta hoja moja ya kumnyamazisha asiyeamini asikinunue kitabu hiki. Swinburne, aliyekuwa profesa Oxford, anapima tu. Anakusanya kuwepo kwa ulimwengu, mpangilio wa kanuni zake, ufahamu wa binadamu, maovu, na ushuhuda wa wanaosema wamemhisi Mungu, kisha anauliza: je, uwezekano kwamba Mungu yupo umevuka nusu? Toleo la kwanza lilitoka 1979. Chukua la pili, la 2004, ambalo sehemu kubwa aliiandika upya.

Chombo chake ni kanuni ya Bayes, iliyochapishwa 1763, inayoonyesha jinsi ushahidi unavyobadilisha uwezekano wa dai. Sura ya 1 inatenganisha hoja inayoongeza uwezekano wa dai na ile inayoufikisha juu ya nusu, na hapo msomaji ashike kalamu. Tuseme dai lina uwezekano wa awali, yaani kabla ya ushahidi, wa 0.1 (tarakimu ni zangu, yeye huziepuka). Ushahidi fulani unatarajiwa kwa 0.8 dai likiwa kweli, na kwa 0.2 likiwa la uongo. Zidisha: 0.1 × 0.8 ni 0.08, na 0.9 × 0.2 ni 0.18. Gawa 0.08 kwa jumla yao, 0.26, unapata kama 0.31. Hoja imesaidia ila haijavuka nusu. Ongeza ushahidi wa pili wenye nguvu ileile, unafika 0.64. Mwanafalsafa Antony Flew alikuwa amedai, kuhusu kurundika hoja dhaifu, kwamba kama ndoo moja inayovuja haishiki maji, hata kumi hazitashika. Jibu la Swinburne ni kwamba zikipachikwa vizuri, tundu la moja huzibwa na ukuta wa nyingine.

Wanaoiga mbinu hii kwenye midahalo huharibu hapa: ushahidi wa pili hupimwa ule wa kwanza ukiwa umeshaingizwa kwenye hesabu. Ukitaja kanuni za fizikia, halafu ukataja mpangilio wa maumbile kana kwamba ni jambo jipya kabisa, umehesabu kitu kimoja mara mbili. Swinburne ni mwangalifu: sura ya 8, ya mpangilio, inaanza ulimwengu wa sura ya 7 ukiwa umeshakubaliwa.

Tatizo ni ile 0.1. Inatoka wapi? Sura ya 5 inajibu: dai sahili lina uwezekano mkubwa wa awali, na Mungu ni dai sahili, kwa sababu ni nafsi moja yenye uwezo na maarifa yasiyo na kikomo. Kikomo, anasema, ndicho kinachodai maelezo. Sura hii isomwe mara mbili. Mwanafalsafa J. L. Mackie, asiyeamini, alipinga mwaka 1982 kwamba nia inayotimia bila mwili wala chombo chochote si jambo sahili, bali ni fumbo, na kwa maoni yangu pingamizi hilo halijapata jibu la kutosha humu. Sura ya 5 ikiyumba, zote zinazofuata zinayumba nayo.

Kuhusu sifa za Mungu, msomaji ajiandae. Mungu wa Swinburne yumo ndani ya wakati, na ujuzi wake haujumuishi matendo huru ambayo binadamu bado hajayatenda. Aliyelelewa kwa mafundisho ya Thoma wa Akwino, ambaye Mungu wake yuko nje ya wakati, atashtuka, na Mwislamu aliyezoea mjadala wa kadari atashtuka zaidi. Hoja ya Anselm, inayotaka kumthibitisha Mungu kwa dhana yake tu, hailetwi, maana haitegemei ushahidi. Hoja ya maadili nayo inapunguzwa: kuwepo kwa ukweli wa kimaadili hakumthibitishi Mungu, ila uwezo wetu wa kuutambua una uzito kidogo.

Sura ya 11, ya maovu, ni ndefu na ngumu kumeza. Inaeleza vizuri faida ya hiari, ila mateso ya wanyama inayatetea kwa shida. Sura ya 13, ya ushuhuda wa wanaosema wamemhisi Mungu, inasema mambo huenda yako kama yanavyoonekana mpaka ipatikane sababu ya kuyatilia shaka. Hiyo ndiyo inayouvusha uwezekano juu ya nusu katika hitimisho la sura ya 14, kwani bila ushuhuda huo mwandishi mwenyewe anakiri mizani ingebaki katikati.

Kiingereza chake ni kikavu. Soma 1, 7, 8, kisha rudi 5, ndipo uende 11, 13 na 14; sura za 2 hadi 4, za maana ya kueleza jambo, zinaweza kungoja. Ambaye kanuni zinamchosha aanze na Is There a God?, kijitabu chake cha 1996 kwa msomaji wa kawaida.